Mizani ya Korosho Inapimwa, Antivirusi ya Steshenari Je? Masasi na Newala, Tiki ya Kijani Sio Ushahidi

Ukitaka kumvuruga mwenye steshenari yeyote pale Masasi mjini, usimuulize bei ya kopi. Muulize hivi: "Kaka, antivirusi yako umeipima lini?" Atakuonyesha kile kialama cha ngao pembeni ya skrini, chenye tiki ya kijani, halafu atakuangalia kama vile umemwambia mkewe hajui kupika. "Si hiyo hapo, dada. Ipo."

Ipo kweli. Ila hata mlinzi aliyelala getini yupo. Swali halikuwa kama ipo, swali lilikuwa kama inafanya kazi, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Hoja ya leo haina mbwembwe. Mtu yeyote anayepokea flashi za watu kwa pesa, awe wa steshenari, wa studio, wa video za harusi au karani wa chama cha msingi, ana wajibu wa kuipima antivirusi yake na kumwonyesha mteja kwamba imepimwa. Kipimo kipo, ni cha bure na hakimalizi dakika tano. Asiyepima anacheza na vyeti vya watoto wa watu.

PRODYUZA NA BITI ZILIZOPIGWA KUFULI

Kuna prodyuza mmoja Masasi, jina kapuni. Wanaofuatilia muziki wa kitaa wanamjua, maana singeli mbili tatu zilizotikisa sherehe za msimu wa korosho zimetoka mikononi mwake. Jamaa ana sikio, hilo halina ubishi. Ugonjwa wake ni mmoja tu: programu za kukraki.

Alitaka programu ya kutengenezea biti, akaikuta mtandaoni bure, pamoja na video ya kuelekeza namna ya kuiweka. Hatua ya kwanza kwenye hiyo video: zima antivirusi. Hatua ya pili: weka folda hii kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Akafanya vyote viwili. Programu ikafunguka, biti zikagongwa, maisha yakaendelea. Kesho yake akaiwasha antivirusi, tiki ya kijani ikarudi, akajua mambo shwari. Ile folda iliyosamehewa ukaguzi wala hakuikumbuka.

Wiki kadhaa mbele akadanlodi kitu kingine cha kukraki, akakitupia kwenye folda ile ile. Asubuhi anaamka, kila faili lina mkia wa herufi nne za ajabu ajabu. Wimbo haufunguki, picha haifunguki, na pembeni kuna barua inamwambia alipe dola 980, ila akijisalimisha ndani ya saa 72 atapunguziwa nusu, dola 490. Yaani majambazi nao wana ofa.

Bei hiyo wanaokusanya habari za virusi wanaijua vizuri. Ndiyo bei ya familia ya virusi inayoitwa STOP, au Djvu, ambayo kwa miaka imewaliza watu wa kawaida kupitia programu za kukraki. Haikuhangaika na mabenki. Iliwalenga wanafunzi, wapiga picha na maprodyuza, watu ambao faili zao ndiyo maisha yao na hawana wa kumpigia simu.

Kwenye laptopu ile hakukuwa na kazi za prodyuza peke yake. Kulikuwa na sauti za madogo waliojichanga pesa ya ufuta ili warekodi wimbo wao wa kwanza. Wengine walikuwa hawana nakala popote. Umeshawahi kumwambia mtu kwamba wimbo wake wa kwanza haupo tena duniani? Sio maongezi mepesi.

Sasa sikia. Habari ilipozagaa, watu wengi walisema "hakuwa na antivirusi huyo". Alikuwa nayo! Tena imewashwa, tena imeapdetiwa. Alichokosa ni kipimo. Angeweka faili la majaribio ndani ya ile folda, angeiona antivirusi inalipita kimya kama halijamhusu, na hapo hapo angejua ukuta wake una tundu.

"MASHINE YANGU HAIINGII MTANDAONI"

Hii kauli inapendwa sana, hasa ukipanda juu Newala. Bando ni pesa, kwa hiyo kompyuta nyingi za kuchapia zinakaa wiki nzima bila intaneti, na mwenyewe anaamini hiyo ndiyo kinga. Kwamba virusi vinapita kwenye mtandao, asiye na mtandao yuko salama.

Ukweli ni kinyume. Huku flashi ndiyo intaneti. Flashi inatoka Masasi asubuhi kwenye mfuko wa shati, inapandishwa mlimani na Koasta, inachomekwa Newala kuchapa barua, jioni inachomekwa kwenye redio ya saluni, kesho iko Tandahimba kwa shemeji. Kila inapochomekwa inasalimiana na mashine mpya. Halafu ile kompyuta isiyo na mtandao ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu antivirusi yake haipati taarifa za virusi vipya. Ni sawa na askari anayetafuta wahalifu kwa picha za mwaka juzi.

Na sio maneno ya kijiweni. Mwaka 2023 kampuni ya usalama wa mtandao ya Mandiant, ambayo iko chini ya Google, ilieleza habari za kundi la udukuzi linalohusishwa na China ambalo lilikuwa likisambaza virusi vinavyoitwa Sogu kupitia flashi. Taasisi zisizopungua 29 ziliguswa. Miongoni mwa nchi zilizotajwa kuwa na maambukizi ni Misri, Zimbabwe, Kenya, Ghana, Madagascar na, ndiyo, Tanzania. Na baadhi ya maambukizi yalionekana kuanzia wapi? Kwenye kompyuta za kushirikiana: maduka ya kuchapisha na vyumba vya intaneti. Steshenari, kwa lugha ya kwetu.

Soma tena hapo. Wataalamu wakubwa wa dunia walikaa wakafuatilia wadukuzi wa kimataifa, wakaishia mlangoni kwa mtu wa kopi. Halafu yeye anasema mashine yake haiingii mtandaoni.

DOGO WA MKOPO NA ZILE SHOTIKATI

Twende kwa mwingine. Dogo mmoja kamaliza kidato cha sita, jina kapuni vile vile. Vyeti vyake vyote vimeskaniwa: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, barua na picha, vyote kwenye flashi moja. Dirisha la kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo linakaribia kufungwa. Anaingia steshenari, anachomeka, anaprinti kitu kimoja, anaondoka.

Anafika kwa mwingine kuendelea na fomu, anafungua flashi, anakuta vishale vitupu. Kila folda imegeuka shotikati. Akibonyeza, inafunguka kwa mbinde au haifunguki kabisa. Mhudumu anamwangalia kwa huruma: "Dogo, hii imekufa. Tuifomati?" Dogo kwa kupaniki anakubali. Inafomatiwa. Vyeti kwisha.

Hapa ndipo roho inauma, maana faili zake hazikuwa zimekufa. Virusi vya shotikati, ambavyo vimezunguka Afrika Mashariki kwa miaka mingi, kawaida havifuti kitu. Vinaficha folda zako halisi, vinaweka vishale vinavyofanana nazo, ili ukibonyeza kishale uwe umeviamsha kwenye mashine. Ukiwa kwenye kompyuta safi unaikagua flashi kwanza kwa antivirusi, halafu unafungua dirisha la amri la Windows na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* huku hiyo E ukiibadilisha kuwa herufi ya flashi yako. Mara nyingi folda zinarudi zote zikiwa nzima. Amri hiyo hailipiwi, na wala haihitaji mtu wa IT kutoka Dar.

Ila swali la msingi linabaki: kwenye ile steshenari ya kwanza, ile tiki ya kijani ilikuwa inafanya nini? Virusi vya namna hiyo ni vikongwe. Antivirusi iliyo hai na yenye taarifa za karibuni inavijua. Ikiwa vimepita kutoka kwenye mashine hadi kwenye flashi ya dogo, basi pale kulikuwa na picha ya mlinzi, sio mlinzi.

Na mwenye steshenari hajalipa chochote. Kapokea hela yake ya kuprinti, kasema "karibu tena". Aliyelipa ni dogo, aliyerudi kuanza kuhangaikia vyeti upya wakati wenzake wanabonyeza "tuma".

WATU WA KOROSHO WANAJUA HILI SIKU NYINGI

Kinachoshangaza ni kwamba Wamasasi na Wanewala sio watu wa kudanganyika kirahisi. Nenda ghalani msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, uone. Mkulima kaleta magunia yake, anasimama mbele ya mizani kama refa. Hakuna anayeikubali mizani kwa sababu imepakwa rangi nzuri au kwa sababu karani kasema "ipo sawa, mama". Wakala wa Vipimo wanaikagua, wanabandika stika. Na inakaguliwaje? Wanaweka juu yake jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Mizani ikisoma uzito ule ule, iko sawa. Ikisoma vingine, ina walakini. Hapo hakuna cha "niamini".

Antivirusi nayo ina jiwe lake. Tangu miaka ya 1990 kuna kifaili kinaitwa EICAR, kilichopewa jina la taasisi ya Ulaya ya utafiti wa antivirusi. Ni herufi na alama 68 tu. Sio virusi, hakina madhara yoyote, hakifuti kitu wala hakijizalishi. Kazi yake ni moja: watengenezaji wa antivirusi wamekubaliana kwamba programu zao zikikiona, zipige kelele kama zimeona virusi halisi. Ni jiwe la kupimia. Unaliweka, unasubiri mizani isome.

Kama mkulima wa Newala anaweza kumwambia karani "weka jiwe hapo nione", kwa nini mtoto wake hawezi kumwambia mtu wa steshenari hivyo hivyo?

DADA WA NEWALA ANAYEITWA "MJUAJI"

Yupo dada mmoja Newala mwenye kibanda cha kuchapia, na yeye jina kapuni. Kila Jumatatu kabla hajafungua, anaipima mashine yake. Mteja akiwahi anaona kabisa: kifaili kinawekwa, kelele inapigwa, kifaili kinatoweka. Ukileta flashi, haifungui kabla hajaikagua. Inachukua dakika mbili tatu, kuna watu wananuna.

Majirani zake wa biashara wanamwita mjuaji. "Anajifanya IT." "Anachelewesha wateja." Mama mmoja aliyempelekea vyeti vya mwanawe alimuuliza, "Mwanangu, mbona wenzio hawafanyi hivi?" Akajibiwa, "Mama, hivi vyeti vikiharibika hapa utamdai nani?" Mama akakaa kwenye benchi akasubiri.

Huyo ndiyo mfano, na hakusomea chuo chochote cha kompyuta. Anachofanya kinawezekana kwa yeyote anayejua kufungua Notepad. Hivi ndivyo kinavyofanyika.

KIPIMO CHENYEWE, HATUA KWA HATUA

Kwanza, jua nani yuko zamu. Kwenye Windows andika "Windows Security" pale pa kutafutia, fungua, ingia "Virus & threat protection". Hapo utaona jina la antivirusi inayolinda mashine. Inaweza kuwa Microsoft Defender, ambayo imo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012, au ukawa umeweka nyingine. Ukiweka nyingine, Defender inakaa pembeni. Kwa hiyo kama ile nyingine ilikuwa ya majaribio ya siku 30 na siku zimekwisha, hakikisha zamu haijabaki wazi.

Pili, kwa mwenye Defender, bonyeza "Manage settings". Angalia "Real-time protection" iwe imewashwa, na "Tamper Protection" nayo iwashwe, maana hiyo inazuia programu nyingine kuizima antivirusi kimyakimya. Shuka chini hadi "Exclusions". Hiyo ndiyo orodha iliyomliza prodyuza. Ukikuta humo folda, au mbaya zaidi diski nzima ya C, na hukumbuki nani aliiweka, iondoe.

Tatu, angalia "Protection updates" uone ni lini taarifa za virusi ziliingia mara ya mwisho. Kama ni miezi iliyopita, usijisumbue na kipimo kwanza, apdeti. Kwa mashine isiyo na intaneti, Microsoft wana faili la taarifa za Defender linaloitwa mpam-fe.exe kwenye tovuti yao. Ni zito, linazidi megabaiti 100, lakini mtu mmoja mwenye bando au waifai ya ofisini analidanlodi mara moja na kulipeleka kwenye mashine kumi. Wenye steshenari wa mtaa mmoja wakichangiana kila wiki, kila mmoja anatoa pesa kidogo tu.

Nne, weka jiwe. Ingia eicar.org, tafuta ukurasa wa faili la majaribio, lidanlodi. Wakati mwingine kivinjari chenyewe kitalizuia, na hapo utakuwa umepima kivinjari, sio antivirusi. Njia nyingine ni kunakili zile herufi 68 kwenye Notepad na kuzihifadhi kwa jina eicar.com. Angalizo kwa wanaopenda kuandika kwa mkono: herufi ya tatu ni O kubwa, sio sifuri. Ukikosea herufi moja, antivirusi haitasema kitu na utailaumu bure. Pia zile herufi lazima zianze mwanzo kabisa wa faili, usizichomeke katikati ya barua.

Antivirusi iliyo macho itapiga kelele ndani ya sekunde chache na kulikamata faili. Kwenye Defender utaliona kwenye "Protection history" likiitwa Virus:DOS/EICAR_Test_File. Ikikaa kimya, ufungue faili na bado iko kimya, basi una pambo la skrini.

Tano, pima njia ambayo virusi vyako vinapitia kweli, yaani flashi. Lidanlodi faili kwa simu, lihamishie kwenye flashi, halafu chomeka kwenye kompyuta. Antivirusi nyingine haisemi kitu ukichomeka tu, inasubiri faili liguswe, kwa hiyo usipaniki. Linakili kwenda kwenye Desktop uone. Halafu bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua kuiskani. Fanya hivyo kwa kila flashi ya mteja, maana ule ukaguzi wa mashine nzima wa Defender, kwa mpangilio wake wa kawaida, hauingii kwenye flashi.

Sita, rudia kwenye kila folda unayoitilia shaka, hasa zile za programu za kukraki. Jiwe likipita bila kelele, umelipata tundu.

Usijaribu kupima kwa virusi vya kweli. Kuna washkaji wanadanlodi virusi halisi "kuona kama itashika". Isiposhika je? Na usiende kukitega kwenye kompyuta ya ofisi ya mtu kwa utani. Hata kama ni jiwe tu, kelele zake zitamfanya mtu wa IT akutafute, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina utani na wanaochezea kompyuta za watu bila ruhusa.

JIWE HALISEMI KILA KITU

Hapa lazima mambo yasemwe yalivyo. Kufaulu kipimo cha EICAR hakumaanishi mashine haiingiliki. Kinathibitisha kwamba mlinzi yuko macho, sio kwamba anamjua kila mwizi. Antivirusi zote mbili, nzuri na ya hovyo, zinaweza kulikamata jiwe hilo.

Ukitaka kujua ipi ni nzuri, zipo maabara zinazozishindanisha kwa virusi halisi, kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Matokeo yao yanasomwa bure. Na wale wanaosema "ya bure haina maana" wakaangalie, maana Defender imekuwa ikipata alama za juu AV-TEST kwa miaka sasa. Ukitaka vipimo vingine vya usalama zaidi ya EICAR, jumuiya ya kimataifa ya viwango vya kupimia antivirusi, AMTSO, inavyo kwenye tovuti yake.

Pia kuna tundu ambalo antivirusi haizibi: Windows yenyewe. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu fulani. Mei 12 mwaka huo huo virusi vya WannaCry vikapita kwenye tundu hilo hilo na kufunga kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Kiraka kilikuwepo miezi miwili, watu hawakukiweka. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 14, 2020. Windows 10 nayo muda wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025. Defender ya Windows 10 itaendelea kupata taarifa za virusi hadi Oktoba 2028, kwa hiyo tiki ya kijani utaendelea kuiona, huku matundu ya Windows yenyewe hayazibwi kwa asiyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Ukitaka ushahidi mwingine kwamba kijani sio usalama, huo hapo.

VISINGIZIO VIMEISHA

"Inafanya mashine nzito." Sawa, mashine ya zamani inaelemewa. Lakini nzito ni bora kuliko iliyopigwa kufuli.

"Wateja hawapendi kusubiri." Wateja hao hao wanasubiri foleni ya kutoa pesa kwa wakala nusu saa bila kununa, kwa sababu wanajua ni pesa. Waambie hivi ni vyeti.

"Flashi ni yake, virusi ni vyake." Hiki ndicho kisingizio kibaya kuliko vyote. Kweli kuna mteja anakuja na uchafu wake. Ila mteja kaja na flashi moja, wewe umepokea hamsini leo. Yeye akiumwa anaumwa peke yake. Mashine yako ikiumwa inawaambukiza hamsini wote, na kesho hamsini wengine.

Halafu kuna suala la taarifa za watu. Ukiingia kwenye Desktop za steshenari nyingi utakuta namba za NIDA, vyeti, picha za pasipoti na fomu za benki za watu waliokuja mwaka juzi, havijafutwa. Kwenye kompyuta ya karani wa chama cha msingi kuna majina ya wakulima na akaunti ambazo pesa ya korosho inaingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Haikusema "ukiwa na kampuni kubwa ya Dar". Kumaliza kazi ya mteja na kufuta faili zake mbele yake ni sehemu ya huduma, sio hisani.

Kwa hiyo wateja waanze kuuliza, kiroho safi, bila ugomvi. "Kaka, shikamoo. Kabla hujachomeka, antivirusi umeipima lini?" Mmoja akiuliza ataonekana msumbufu. Ishirini wakiuliza kwa wiki, wenye mashine watapima, kwa sababu biashara inasikia lugha ya wateja kuliko lugha ya wataalamu. Na anayepima abandike karatasi ukutani: imepimwa tarehe fulani, imeapdetiwa tarehe fulani. Ndiyo itakuwa stika yake.

Swali kwa wadau wa Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu: steshenari unayoitumia iliwahi kuikagua flashi yako kabla ya kuifungua? Na we mwenye mashine, ukipima leo ukakuta iko kimya, sema hapo chini ni antivirusi gani na Windows gani, ili mwenye kama hiyo akaangalie ya kwake leo leo.